Wafundisheni vijana hatari ya kuchanganya, si majina ya dawa tu

Mhariri,

Kila inapofika Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya, wanafunzi hupangwa mistari, hugawiwa fulana na kusikilizishwa hotuba. Hotuba yenyewe huwa orodha: bangi, mirungi, heroini, kokeini, kila moja na madhara yake. Pombe hutajwa mwishoni kwa haraka, pengine isitajwe kabisa, kwa kuwa inauzwa kwa leseni. Mwanafunzi anarudi nyumbani akijua majina hayo, lakini hajaambiwa kwamba mtaani vitu hivi havitumiwi kimoja kimoja. Vinakutana katika tumbo moja, usiku mmoja, na hapo ndipo vijana wanapotufia.

Sisi tunaoandika barua hii ni wauguzi, wafamasia na waelimishaji rika tunaofanya kazi na vijana mkoani Tanga. Tunaomba somo la dawa za kulevya, shuleni na vijiweni, lianzie kwenye mchanganyiko wa pombe na dawa, na lifundishwe kwa vipimo, kwa saa na kwa vitendo. Wapo watakaosema tunawafungua macho watoto. Anayetaka kuchanganya tayari anajua pa kuvipata. Asichokijua ni kinachotokea mwilini baada ya hapo, na rafiki aliyekaa naye hajui afanye nini mwenzake akizima.

Tuanze na pombe yenyewe, maana hesabu yake haifundishwi. Chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8, kwa kuwa mililita moja ya kilevi ina uzito wa gramu 0.8 hivi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Bapa la pombe kali la mililita 200 lenye asilimia 35 lina gramu 56. Ini la mtu mzima wa wastani huondoa kama gramu 8 kwa saa, wengine zaidi kidogo na wengine pungufu. Kasi hiyo haiongezwi na kahawa, wala supu ya pweza, wala maji ya baridi kichwani. Basi kijana aliyeanza saa mbili usiku akamaliza bapa moja na bia mbili ana gramu 96 za kuondoa, na kazi hiyo inaisha saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri, anapowasha pikipiki kwenda kijiweni, bado ana gramu 16 mwilini, karibu bia nzima. Kidonge atakachomeza saa hiyo ili kutuliza kichwa kitaikuta pombe ndani, ingawa yeye anaamini alikunywa jana.

Hesabu hii ifanywe kwa chupa, si ubaoni tu. Mwalimu aje na bapa tupu lililooshwa, maji, kijiko cha chai na glasi. Kipimo kimoja cha pombe kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni gramu 10, na kwa pombe kali ya asilimia 35 hizo ni mililita 36, yaani vijiko saba vya chai. Mwanafunzi mmoja ahesabu vijiko saba vya maji ndani ya glasi, wenzake wakitazama. Maji hayazidi upana wa kidole. Kisha mwanafunzi wa pili, kwenye glasi nyingine, amimine kama anavyoona watu wakimimina harusini. Ziwekwe glasi mbili pamoja juu ya meza, darasa likadirie ile ya pili ina vipimo vingapi, halafu wapime kwa kijiko. Mara nyingi kelele za darasa hunyamaza hapo. Waambiwe pia kwamba msichana mwenye kilo sawa na mvulana akinywa sawa naye, kilevi kwenye damu yake huwa kikali zaidi, kwa sababu mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kukizimua. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku nchini Machi 1, 2017, lakini bapa linaingia mfukoni vilevile, na ndani yake mna vipimo vitano na nusu.

Sasa mchanganyiko. Tunaouogopa kuliko yote ni pombe pamoja na vitu vinavyolaza: unga (yaani heroini), methadoni (tiba wanayopewa waraibu wa heroini), dawa ya kikohozi yenye kodeini, tramadoli (dawa kali ya maumivu), na vidonge vya usingizi kama diazepamu, ambayo wengi huiita Valium. Kijana hufikiri hivi: bia tatu haziniui, kidonge kimoja hakiniui, basi vyote pamoja vitanipa usingizi mzito. Mwili haujumlishi hivyo. Kwenye shina la ubongo, pale kichwa kinapokutana na shingo, kuna sehemu inayotuamrisha kupumua hata tukiwa usingizini. Hufanya kazi kwa kupima kaboni dayoksaidi iliyo kwenye damu. Ikizidi, inaagiza pumzi. Heroini na jamaa zake huifanya sehemu hiyo isihisi kwamba hewa hiyo imezidi. Pombe na diazepamu huibana kwa njia nyingine. Kila kimoja peke yake huenda kikaacha mlango mmoja wazi, lakini viwili vikiingia pamoja, milango yote inafungwa. Mtu hafurukuti wala hapigi kelele. Pumzi zinapungua, zinaachana, kisha zinakoma, huku waliomzunguka wakisema jamaa amelala fofofo.

Diazepamu ina jambo la ziada ambalo vijana hawaambiwi. Inakaa. Nusu ya kiasi kilichomezwa yaweza kuwa bado mwilini baada ya siku moja au mbili, na ini huigeuza kuwa kitu kingine ambacho nacho kinalaza na kinakaa zaidi. Kidonge cha Ijumaa kinakutana na bia ya Jumamosi. Halafu, ikichanganyika na pombe, ubongo huacha kuweka kumbukumbu ingawa mtu anatembea, anaongea na hata kulipa bili. Huyo anaweza kumeza dozi ya pili na ya tatu kwa sababu hakumbuki ya kwanza. Wahalifu wanalijua hili vizuri. Ndiyo siri ya dawa zinazotiwa kwenye vinywaji vya watu ili waibiwe au wabakwe, zile ambazo jirani zetu wa Nairobi na Mombasa huziita mchele. Glasi iliyoachwa mezani wakati wa kwenda kucheza isirudiwe kunywewa, hata kama mezani amebaki mtu unayemjua kwa sura.

Tramadoli nayo ina hatari mbili kwa mpigo. Inapunguza pumzi, na kwa dozi kubwa inaleta degedege, hata kwa mtu asiye na kifafa. Anayekunywa pombe kila siku yuko karibu zaidi na degedege hilo. Kwa bahati mbaya vijana wa kazi ngumu, wa bandarini, wa machimboni na wa bodaboda, huiona kama dawa ya uchovu.

Kuhusu methadoni, ambayo Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011 na sasa inatolewa katika mikoa kadhaa: ni tiba nzuri na imeokoa wengi. Lakini mgonjwa anayekunywa dozi yake dirishani asubuhi hafiki kileleni papo hapo. Nguvu yake hupanda taratibu, kwa kawaida kwa muda wa saa mbili hadi nne, na hubaki mwilini zaidi ya siku nzima. Bia ya mchana inaikuta pale pale inapopanda. Ndiyo maana mhudumu humnusa, humwuliza, na anaweza kumnyima dozi siku aliyokuja amelewa. Familia nyingi huona ni ukatili. Yule mhudumu anamlinda asife.

Lipo jingine ambalo tungependa kila mzazi mwenye kijana soba, yaani kwenye nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, alisikie. Mwili unasahau. Aliyekaa miezi mitatu bila kutumia, iwe soba, rumande au kijijini kwa bibi, hurudi mtaani kichwa chake kikikumbuka kipimo cha zamani, lakini mwili hauwezi kukibeba tena. Akianza na bia mbili za kupongezwa na marafiki, kisha akarudia kipimo kile, anaweza kufa siku hiyohiyo. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za kulindwa kuliko zote. Kijana aelezwe hilo kwa uwazi kabla hajafungua geti, badala ya kumwombea tu na kumwambia asirudie.

Kundi la pili ni pombe na vitu vinavyoamsha. Hapa udanganyifu ni wa namna nyingine. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na miligramu 80 hivi za kafeini. Kafeini huondoa usingizi, haiondoi ulevi. Mnywaji anajiona mzima, sauti imekaa sawa, macho yamefunguka, lakini mikono inachelewa na uamuzi umeharibika vilevile. Usingizi ndio breki ya asili ya mlevi, na kopo lile linaikata. Anaendelea kunywa hadi kiwango ambacho angekuwa ameshalala zamani, kisha kafeini inashuka na pombe yote inabaki peke yake. Madereva na bodaboda walisikie hili mara mbili.

Mirungi inafanana na hayo, ila ni kali zaidi. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwetu ni haramu, na ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya, ni zao halali, kwa hiyo kijana wa Tanga hukua akiiona kama mboga. Tatizo la mchanganyiko linaanza jioni: aliyetafuna mchana kutwa hawezi kulala, basi hunywa pombe ili kukata stimu, na pombe isipotosha huongeza kidonge. Asubuhi anaamka mzito, anatafuta mirungi tena. Moyo unasukumwa na kuvutwa kila siku, usingizi wa kweli haupo, chakula hakiliki. Kokeini haijaenea kwa vijana wa shule, tutaipita kwa sentensi moja: ikikutana na pombe, ini huziunganisha kuwa kitu cha tatu kiitwacho kokaethilini, kinachokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kuusumbua moyo zaidi.

Bangi na pombe wengi huuona mchanganyiko mdogo. Pombe ikitangulia, kilevi cha bangi huingia kwenye damu kwa wingi zaidi kuliko kama angevuta bila kunywa. Ndiyo ile hali ya jasho jembamba, dunia kuzunguka na kuanguka ghafla. Tena bangi hutuliza kichefuchefu, kwa hiyo tumbo linalotaka kuitoa pombe iliyozidi linaweza kuchelewa kutapika, na kutapika kukija mtu ameshalala chali.

Neno letu "dawa" lina mlango mpana, na hapa linatufaa. Mwalimu akisema pombe na dawa, mwanafunzi anafikiria kete na misokoto. Lakini zipo za kwenye bahasha ya duka la dawa. Metronidazoli, ile Flagyl ya tumbo, maelezo yake yanakataza pombe muda wote wa dozi na saa 48 baada ya kidonge cha mwisho. Tinidazoli, ya jamii hiyohiyo, ni saa 72. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huungana na pombe kama tulivyoeleza juu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni pamoja na pombe hukwangua ukuta wa tumbo. Choo kikiwa cheusi kama lami, ni damu hiyo, aende hospitali siku hiyohiyo. Kijana aliye kwenye dozi ya kifua kikuu anameza isoniazidi na rifampisini, zote zinapitia ini, na pombe inalichosha ini lilelile. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, asisubiri tarehe ya kliniki.

Parasetamoli tunaitaja peke yake kwa sababu imo katika kila nyumba. Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24. Anayekunywa pombe kila siku yuko hatarini kwa idadi ndogo zaidi, kwa kuwa ini lake limezoea kuigeuza parasetamoli kuwa sumu kwa wingi na limeishiwa kile kinachoizima sumu hiyo. Ubaya wake ni ukimya. Siku ya kwanza mtu huhisi kichefuchefu kidogo au hahisi kitu, anaamini mambo yamepita. Uharibifu wa ini hujionyesha siku ya pili na ya tatu, na dawa ya kuokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, ndani ya saa nane. Aliyemeza nyingi, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, apelekwe akiwa bado anaonekana mzima.

Na gongo, pombe kali ya kienyeji. Iliyochanganywa na methanoli, kilevi chenye sumu, haitambuliki kwa harufu wala ladha. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, na kama alikunywa pia pombe ya kawaida huchelewa zaidi: kichwa, tumbo, kisha macho kuona kama ukungu. Kenya ilizika makumi ya watu Mei 2014 kwa pombe ya namna hiyo, Embu, Kitui na kwingineko, na wengine wakapofuka. Anayelalamika macho baada ya kunywa ni mgonjwa wa dharura.

Tuje kwenye dakika kumi za kwanza, maana hapa ndipo marafiki wanapookoa au kupoteza mtu. Kosa la kwanza ni kusema mwacheni alale. Kilevi kilichomo tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuzima, kwa hiyo hali ya saa tano usiku siyo itakayokuwapo saa sita. Mwite kwa jina, kwa sauti. Asipoitika, kunja ngumi umsugue kwa vifundo vya vidole katikati ya mfupa wa kifua, kwa nguvu. Mtu aliyelala tu atakunja uso na kuusukuma mkono wako. Asipofanya hivyo, huo si usingizi. Sikiliza: kukoroma kwa maji maji, kama mtungi unaobubujika, ni ulimi au matapishi yanaziba njia ya hewa. Washa tochi ya simu, funua mdomo wa chini uangalie ufizi na ndani ya mdomo, kisha kucha. Kwenye ngozi nyeusi bluu haionekani shavuni; inaonekana hapo, au rangi inakuwa ya kijivu kama majivu. Kisha fungua saa ya simu, weka mkono kifuani mwake, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akiwa ametulia hupumua mara 12 hadi 20. Chini ya 10, au kimya cha sekunde 10 kati ya pumzi na pumzi, ni safari ya hospitali sasa hivi.

Wakati usafiri unatafutwa, alazwe ubavu. Piga magoti kandoni mwake. Mkono wake ulio karibu nawe unyooshe pembeni, kiwiko kikiwa kimekunjwa juu. Chukua mkono wa mbali, uvuke kifua, mgongo wa kiganja chake uulaze kwenye shavu lililo upande wako na uushikilie hapo. Kwa mkono wako wa pili nyanyua goti lake la mbali hadi mguu ukunjike na unyayo ukanyage chini, kisha livute goti hilo kuelekea kwako. Mwili mzima utafuata, hata kama yeye ni mzito kuliko wewe. Inua kidevu kidogo ili shingo isijikunje, na mdomo uelekee chini matapishi yatoke. Msimwache hata dakika moja. Pumzi zikikoma na bado moyo unapiga, mtu aliyefunzwa ampulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano au sita, pua ikiwa imebanwa. Akiwa hana dalili yoyote ya uhai, abonyezwe kifua mara 30 na kupuliziwa mara 2, bila kusimama.

Asinyweshwe chochote. Maziwa, maji ya chumvi, mayai mabichi, uji wa mkaa, vyote hivyo vikimwagwa kinywani mwa mtu asiye na fahamu vinaingia kwenye mapafu. Maji ya baridi humshusha joto ambalo pombe tayari imelishusha. Wapo wanaoamini kumdunga maziwa au maji ya chumvi aliyezidiwa na unga; hilo halizindui mtu, linampa sumu nyingine kwenye mshipa. Na tafadhali msimpakie mshikaki. Akibanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, kichwa kinaangukia kifuani na koo linajifunga. Anaondoka mtaani akipumua na kufika mapokezi amekufa. Tafuteni bajaji au gari, alazwe ubavu kwenye kiti cha nyuma, mmoja ashike kidevu.

Mkifika, semeni kweli: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na pakiti au chupa ziletwe. Muuguzi akiambiwa ni pombe tu, atasubiri ishuke. Akijua kuna unga au tramadoli ataangalia mboni za macho, na akiona zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano atafikiria naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache. Naloksoni haigusi pombe wala diazepamu. Nguvu yake pia huisha kati ya dakika 30 na 90, kabla ya methadoni au hata heroini kuisha mwilini. Mgonjwa huzinduka amekasirika, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, imempanda, anataka kuondoka. Marafiki wamshikilie pale, maana anaweza kuzima tena njiani.

Tunajua kwa nini wengi hukimbia badala ya kumpeleka: hofu ya polisi, ya mwalimu wa nidhamu, ya baba. Hofu hiyo itibiwe mapema. Mkuu wa shule na mzazi watamke wazi, usiku mwingine wowote kabla ya usiku wenyewe, kwamba atakayepiga simu kumwokoa mwenzake hataadhibiwa kwa kupiga simu. Mazungumzo ya makosa yatafanyika keshokutwa, wote wakiwa hai.

Na ufundishaji. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayohusika na Dawa za Kulevya na Uhalifu ilitoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, na toleo la pili pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Vinasema jambo ambalo sherehe zetu zinalikiuka kila mwaka: mihadhara ya kutisha, taarifa tupu, na ushuhuda wa waliowahi kutumia ukiwa ndio somo lote, havipunguzi matumizi. Marekani ilianza mwaka 1983, pale Los Angeles, mpango maarufu wa kuwaingiza polisi madarasani, ukaenea nchi nzima; tafiti za baadaye hazikuona tofauti ya maana kati ya watoto waliofundishwa na wasiofundishwa. Kinachofaa ni vipindi vingi vya kushirikishana, kimoja kwa wiki, mwalimu akiwa amefunzwa, na marudio mwaka unaofuata.

Kwa kipindi cha dakika 40 hesabu ya bapa inatosha siku moja. Kulaza ubavu kuchukue kipindi kingine kizima, wawili wawili sakafuni, kila mmoja akilazwa na akimlaza mwenzake, wasichana na wasichana, wavulana na wavulana, hadi mikono izoee. Kukataa nako kufanyiwe mazoezi kwa maneno halisi, maana "sema hapana" haisemeki mbele ya washkaji. "Niko kwenye dozi ya Flagyl" inasemeka. "Mimi leo ndiye naendesha" inasemeka. Wapeane majibu, wajaribishane, wabishane lipi litakubalika kijiweni. Mwalimu asipojua kitu aseme atamuuliza muuguzi wa zahanati, kwa sababu uongo mmoja kuhusu bangi unamfanya kijana asiamini ukweli kuhusu tramadoli.

Walio nje ya shule ni wengi, nao wafuatwe walipo: vijiwe vya bodaboda, maskani, saluni, viwanja vya mazoezi, vikundi vya vijana vya misikitini na makanisani. Anayehitaji ushauri anaweza kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya ni 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Wazazi nao wakague kile kikopo cha juu ya kabati. Vidonge vya usingizi vya babu aliyefariki vimekaa hapo miaka miwili, navyo virudishwe duka la dawa au hospitali.

La mwisho ni kwa wenzetu wa maduka ya dawa. Kwenye bahasha ndogo tunaandika 1x3 na jina la dawa, basi, mteja anaondoka. Tuongeze mstari mmoja kwa kalamu ileile, tukitaja siku na saa. Anayemaliza Flagyl Jumatatu usiku aandikiwe "pombe usiguse hadi Jumatano usiku". Anayepewa diazepamu kwa cheti cha daktari aandikiwe "hakuna pombe, hata kesho yake". Ni sekunde tano za kazi, na bahasha hiyo itakaa mfukoni mwake hadi baa.

Wauguzi, wafamasia na waelimishaji rika,
Tanga